Madume ya Mjomba

Mama alimwapisha binti yake jikoni, mwiko mkononi: kwenye mkutano wa mto asije akamvunjia mjomba heshima mbele za watu. Mjomba ndiye aliyemlea. Binti akaapa kwamba hatasema neno, na kiapo chake akakishika kwa ukorofi wote aliojaliwa.

Kazi yake ilikuwa kupima samaki. Juu ya maporomoko palikuwa na kidimbwi kimoja, makao ya mwisho ya visamaki vya asili ambavyo huko chini trauti, samaki wakubwa wa kuletwa kutoka ng'ambo, walikwisha kuvimaliza zamani. Kila kimoja alikitia doa jekundu chini ya ngozi ili avihesabu. Vilikuwa arobaini. Kisha, mwaka juzi, mjomba, fundi saa na mwenyekiti wa wavuvi wa ndoana, akapandisha kule trauti wadogo kumi na watano kwa ndoo, apate pa kuvulia kwa raha zake. Hakuona ubaya. Trauti hula wadudu tu, alisema, na hao wote ni madume, hawatazaana. Aliwatambua kwa taya, akiwakagua mmoja mmoja kwa lenzi yake ya kutengenezea saa. Anayekula visamaki ni korongo.

Sasa mkutano ungeamua trauti watolewe kule juu au waachwe. Wakiachwa, visamaki basi tena.

Asubuhi ya mkutano binti alihesabu kumi na kimoja. Akampitia mjomba dukani, mpole ajabu, akamshauri apeleke ushahidi: amvue trauti mkubwa kule juu, ampasue mwenyewe mbele ya wajumbe, watu wawaone hao wadudu. Mjomba alifurahi mpaka akafunga duka kabla ya saa sita.

Alasiri alisimama mbele ya wajumbe, samaki juu ya gazeti, akatoa hotuba ndefu kuhusu korongo. Binti alikaa nyuma, anatazama dari. Kisu kikapita. Yakamwagika mayai, manjano tele, gazeti zima. Katibu akauliza kwa adabu kama madume ya siku hizi hutaga. Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Mjomba akajitia hamnazo, akapasua na mfuko wa chakula. Mlikuwa na mdudu mmoja, na visamaki vitatu vyenye madoa mekundu.

Kicheko kikakatika. Mjomba alitoa lenzi mfukoni, akavitazama kimoja kimoja. Kura ilipoitishwa, mkono wake ulikuwa wa kwanza kunyooka: watolewe.

Watu walipotawanyika alimkuta binti mlangoni.

“Mama yako alikukataza kusema.”

“Sijasema kitu, mjomba.”

“Umenichezea shere, mwanangu, na nimestahili. Sasa niambie, vimebaki vingapi?”

Binti alikuwa amebana kicheko tangu asubuhi. Sasa alikitafuta, hakukiona.

“Vinane.”

“Na wangu ni kumi na wanne,” mjomba alisema, akikunja mikono ya shati, “wala hawajala cha jioni. Lete neti.”