Ilie, Ilale

Kila asubuhi, kabla ya kugusa chuma chochote, Séphora alifagia. Alianzia ukutani penye mitungi ya gesi, akapita chini ya meza ya kazi, akausukuma unga wa chuma hadi mlangoni, kisha akarudi kuweka kikombe cha chai ya baba yake upande wa kulia wa meza. Aligonga ubao mara mbili. Papa Ruphin alizipokea hodi hizo kwa viganja, si kwa masikio, akageuka na kuchukua kikombe. Miaka miwili ilikuwa hivyo, wala hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini chai ibishiwe hodi kama nyumba ya watu.

Ijumaa ile alikuwa anamalizia kizingitini, amegeuzia barabara mgongo, alipopiga hatua moja nyuma na kujikuta amekalia kitu cha moto. Aliruka. Gari jekundu la milango miwili, Nissan ya mbio, lilikuwa limesimama nyuma yake, pua imeingia hadi kwenye taka alizozikusanya. Lilikuwa limetoka kwenye lami, likashuka njia ya mtaa wa Bel-Air yenye mashimo, likakata kona hadi uani, na yeye mwenye masikio mazima hakusikia kitu.

Mlango ukafunguka. "Umeona? Hata weye haukusikia!"

Alikuwa Fils, mwuza simu wa Kampemba, kijana wa kuvaa viatu vyeupe katika mji wa vumbi jekundu. Jana jioni alikuwa amemtuma mtu kuja kuchukua gari, na leo saa moja na nusu alikuwa amelirudisha mwenyewe.

"Séphora, jana bandugu yangu balicheka mpaka balianguka. Baliniuliza: Fils, iyi ni gari ao ni frigo ya jikoni? Mama akasema hapana, bashiitukane frigo yangu, frigo yangu inaliaka."

"Lakini..."

"Kesho ndugu yangu mukubwa Casimir iko anaoa. Ni miye niko mbele ya cortège, magari yote ya ndoa nyuma yangu. Mbele kabisa! Nilimwambia papa yako Jumanne, nilirudilia mara tatu: nataka ilie. Ilie! Bantu bakiwa mbali bajue ndoa iko inakuya. Sasa iko nalala."

Ilie. Séphora aliuegemeza ufagio ukutani.

Jumanne yeye alikuwa ameenda kubadilisha mtungi wa oksijeni. Aliporudi alilikuta gari uani na baba yake amelala chini yake, uso umejaa furaha ya mtu aliyepewa kazi ngumu. "Mwenye gari anataka ilale," alimwambia. "Ilale sana. Alirudilia mara tatu." Séphora alishangaa. Nani anunue gari la mbio, alivushe mpaka pale Kasumbalesa na taabu zake zote, kisha aombe lilazwe usingizi? Lakini kuuliza kungekuwa kusema: Papa, una hakika ulisikia? Swali hilo alikuwa amelimeza miaka miwili. Alilimeza tena, akaenda kuchukua msumeno.

Kwa siku mbili Papa Ruphin alitengeneza silencieux, lile bweta la chuma linalomeza mlio wa injini, kama ambavyo hakuwahi kulitengeneza. Ndani aliweka bomba lenye matundu madogo madogo, kuta mbili za kuvunja nguvu ya moshi, na pamba ya chuma aliyoishindilia kwa kidole, tonge kwa tonge. Alipomaliza alifanya kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, mtu wa reli wa Kabalo, ambaye alitambua treni ingali mbali kwa kuuma chuma kilichosimamishwa juu ya reli. Aliuma ncha moja ya ufito wa kuchomelea, akagusisha ya pili kwenye bomba la moshi. Séphora akakanyaga mafuta. Ufito haukutikisika. Mzee alicheka peke yake chini ya gari.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizomwona akifanya. Na haikuombwa na mtu.

Sasa Papa Ruphin alitoka ndani, kikombe mkononi, akaliona gari, akamwona Fils amerusha mikono juu. Akatabasamu.

"Eh, mwanangu! Umekuya kusema aksanti? Si nilikwambia? Iko nalala kama mutoto mwenye kushiba."

Fils alimgeukia Séphora. "Eko ananicheka?"

"Hapana, hakucheke. Ni miye." Séphora alizungumza na vile viatu vyeupe. "Ni miye nilisikia vibaya. Nilimwambia papa ilale."

"Weye? Lakini Jumanne weye haukukuwa apa."

Uongo wote wa Séphora wa miaka miwili ulikuwa wa namna hiyo, mfupi kama shuka ya mtoto: ukivuta kufunika kichwa, miguu inabaki nje. Watu walifikiri kazi yake ni kuchomelea. Kweli alichomelea, tena vizuri. Shahada ya mekanika alikuwa nayo, imetundikwa sebuleni karibu na picha ya Bikira Maria. Lakini kazi iliyomchosha ilikuwa kusimama mahali ambapo baba yake angemwona. Mteja akiuliza, yeye aliinua kidevu kwa ndiyo, alikishusha kwa hapana. Mlio wa gari ukiwa mkali mno, alikuna shingo. Ukiwa mzuri, alifuta mikono. Jioni shingo ilimuuma kama aliyebeba ndoo, na mama yake alifikiri ni mitungi. Si kwamba baba alimwomba. Hakuna aliyemwomba mwenzake. Ilianza siku moja tu, ikaendelea.

"Bantu beko banasema nini?" Papa Ruphin aliuliza, macho yakienda kinywa hadi kinywa.

Séphora alimsogelea sikio la kushoto, ambalo lilikuwa nafuu. "Anataka tuongeze kidogo, papa. Mlio."

"Tuongeze nini? Alisema ilale."

"Ilie!" Fils alipiga kelele. "I-li-e, papa!"

"Ndiyo," alisema Papa Ruphin kwa upole. "Ilale."

Ng'ambo ya barabara, Mama Lydie mwuza mandazi aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga. Alichelewa. Papa Ruphin aliuona mdomo ukifunguka, akaona mabega yakitikisika, na tabasamu lake likabaki usoni bila kazi, kama mgeni aliyesahauliwa. Alimtazama binti yake. Alingoja kidevu.

Séphora hakujua akipeleke wapi.

"Miye niko na miaka makumi tatu na kazi iyi," mzee alimwambia Fils, sasa sauti imepanda. "Ulisema ilale. Nilisikia na masikio yangu. Kama umebadilisha roho, sema umebadilisha roho. Ao labda ni uyu binti njo amechanganya maneno. Bijana ba leo kichwa iko mu telefone."

Neno hilo lilimchoma Séphora. Dakika moja iliyopita yeye mwenyewe alikuwa amejitwisha kosa lile kwa hiari, na halikuwa zito hivyo. Kulibeba ni kitu kimoja. Kubebeshwa ni kingine.

"Tutakata, Fils," alisema. "Saa nne itakuwa tayari."

"Saa nne?"

"Saa nne."

Fils aliketi kwenye benchi la Mama Lydie akala mandazi matano kwa hasira.

Walifanya kazi bila kusemezana. Séphora alilikata bweta la silencieux, likatoka zima. Papa Ruphin aliliokota, akalipangusa kwa mkono wa shati pande zote nne, akaliweka juu ya meza, taratibu, kama mtu awekaye sahani ya wageni. Kisha akarudi na kushika taa.

Akiwa amelala chini ya lile gari, Séphora alisikiliza kichwani mlio alioutaka. Hilo angalau alilipenda. Bomba tupu halitoi sauti nzuri, hutoa makelele. Wajinga hukata kila kitu wakadhani wamemaliza. Mlio mzuri unataka kuongozwa. Aliyaunganisha mabomba mawili katikati kwa kipande kifupi ili pumzi za injini zikutane, akaweka mwishoni kipande chenye matundu, kifupi, bila pamba. Alitambaa nje, akawasha. Gari lilipiga kelele ya bati, kama ndoo inayoburutwa kwenye changarawe. Mbuzi wa jirani wakakimbia. Baba yake alimtazama. Séphora alikuna shingo.

Alirudi chini. Akaweka pamba ya chuma, tonge moja, akafunga. Hapana. Tonge la pili. Akachomelea, jasho likimwingia machoni, akatoka, akawasha tena.

Safari hii mlio ulitoka kifuani. Ulikuwa mnene, wa chini, bila mikwaruzo, na alipokanyaga mafuta ulipanda polepole kama kwaya inayojua wimbo wake. Vifuniko vya masufuria ya Mama Lydie vikaanza kutetemeka. Fils aliruka kutoka kwenye benchi, unga wa mandazi midomoni, akaanza kucheza katikati ya barabara.

"Iyi! Iyi njo nilisema! Unasikia, Mama Lydie? Sasa frigo iko wapi?"

"Ondoa shetani yako, mandazi yangu haukulipa!" Mama Lydie alijibu, lakini naye alikuwa anacheka.

Papa Ruphin aliinama nyuma ya gari na ufito wake, akauma. Taya zikatikisika hadi mashavu. Alibaki hivyo muda mrefu, macho yamefumbwa, wala Séphora hakuweza kujua ni nini kilichokuwa kinamfikia huko ndani, kama ni mlio ule au ni mtikisiko tu wa meno.

Fils alimfuata, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Hasira yote ilikuwa imemtoka. "Papa Ruphin, unisamehe kwa kelele. Uko na masikio ya malaika!"

"Saa nne," alijibu Papa Ruphin, akiitikia kwa kichwa. "Nilikwambia saa nne, na iko saa nne."

Fils alimtazama mzee, kisha Séphora, kisha akatazama chini, na uso wake wa majigambo ukawa wa mtoto aliyeingia chumba asichopaswa kuingia.

"Ndiyo, papa," alisema pole pole. "Saa nne kabisa. Aksanti sana."

Aliingia garini, akalitoa uani bila kukanyaga mafuta, kwa heshima, kama anayepita karibu na kilio. Alikuwa ameshafika kwenye lami ndipo akaliachia, na mtaa mzima ukasikia.

Ni hapo Séphora alipoona jambo ambalo uchovu ulikuwa umemficha. Fils alijua. Mama Lydie alijua, tangu zamani, ndiyo maana alijiziba mdomo. Pengine Bel-Air yote ilijua. Miaka miwili alikuwa amesimama mbele ya mlango usiokuwa na ukuta.

Baba yake alikuwa anakunja waya. "Jumanne ingine usiende kuchukua oksijeni," alisema bila kugeuka. "Ukienda, bantu banakuya kunichanganya."

Angeweza kusema ndiyo, papa. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Shida ya mambo ya namna hii ni kwamba alikuwa amejipangia kuyasema kwa sauti ya chini, wakiwa wameketi, kwa upole. Lakini kwa mtu asiyesikia upole haufiki. Lazima upigwe kelele, na kelele ni ya watu wote. Séphora hakuwahi kupiga kelele mbele za watu, hata siku alipoumwa na mbwa.

Alimgusa bega. "Papa. Nimechoka."

"Hm?"

"Nimechoka, papa."

Papa Ruphin aliangusha waya. "Umejichoma? Umejichoma wapi? Si nilikwambia vaa ganti za mikono! Lete mukono."

Aliushika mkono wake, akaugeuza, akaukunjua kidole kwa kidole, akitafuta jeraha. Hakuliona. Akashika mkono wa pili. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama magome, na alikuwa anauliza, "Iko wapi? Nionyeshe, mama, iko wapi?" kwa sauti kubwa kupita kiasi, sauti ya mtu asiyejisikia. Ng'ambo, Mama Lydie alikuwa amesimama na kijiko mkononi.

Séphora hakuitoa mikono. Alivuta pumzi hadi mbavu zikamuuma.

"Sikujichoma!" alipaza. Mbuzi wakageuka. "Nimechoka, papa! Hausikie! Masikio yako ilikufa, bantu bote banajua, na miye nimechoka kukuficha! Sikuchoka na kazi! Sikuchoka na weye! Acha miye nisikie pa fasi yako, weye unifundishe kazi ya mikono yako, na tuseme kwa bantu vile iko!"