Baba Amebonyeza Mara Tatu

...hapana, niseme hapana, neno moja tu, daftari liko mapajani na ushahidi ninao, faida ukurasa huu, hasara ukurasa ule, baba mwenyewe ndiye aliyeniambia juzi, wewe ndiye msomi wetu, andika tujue kama gari la umeme litatufaa sisi mafundi bomba au ni urembo wa watu wa ofisini, msomi gani mimi, msomi wa kidato cha pili... na sasa ameshalizungusha gari la watu uwanja mzima wa duka, amelisimamisha palepale tulipoanzia, kidole kiko juu ya kitufe cha kuwashia, ananitazama, "Unasemaje, mama?", na dada wa mauzo ameinama dirishani upande wake, anasema betri ikijaa, mzee wangu, mtazunguka mji siku mbili, na mimi nataka kumuuliza, dada, tutazunguka tukiwa tumebeba nini, maana sisi hatubebi maua, tunabeba mabomba ya chuma, mashine ya kukatia, tangi la maji moto ambalo watu wanne wanalinyanyua huku wakiita mama zao, na uzito unakula chaji, hilo nimeliandika, hasara namba mbili, namba moja ni kwamba tunakaa ghorofa ya pili na gari linalala barabarani, waya tutaushusha dirishani kama kamba ya kuanikia nguo? na umeme ukikatika siku nzima, mteja ambaye jiko lake limefurika tumwambie asubiri? lakini faida nazo zipo, sitaki kumdanganya, safari zetu nyingi ni fupi, asubuhi huku, mchana kule, hakuna oili ya kubadilisha, drili unaichomeka kwenye gari lenyewe, mwenye nyumba halalamiki tena kwamba tunammalizia umeme, na kwenye maegesho ya chini ya majengo hatutavuta moshi wetu wenyewe... "Anafikiri," baba anamwambia dada, "huyu hakurupuki, kamfuata bibi yake," na dada anacheka, "Afadhali yeye, mzee, wewe ulitaka kunivunjia kitufe," na baba naye anacheka, lakini mimi sicheki, kwa sababu niliona, robo saa iliyopita, alibonyeza akangoja, hakusikia kitu, akabonyeza tena, kumbe ndiyo analizima, akabonyeza mara ya tatu, na kiganja cha kushoto alikiweka kwenye dashibodi kama anavyofanya ndani ya Kikohozi, kutafuta mtetemo... Kikohozi ni gari letu la dizeli, wateja ndio waliolipa jina, wanalisikia likipanda mtaa wanafungua geti kabla hatujapiga honi, na likiwa linanguruma kila mtu lazima apige kelele, kwa hiyo mtu akimwita baba na baba asigeuke, lawama ni ya injini, "Zima hilo gari lako, fundi, tusikilizane!", na mimi nashukuru kimoyomoyo, miaka miwili nashukuru... tangu ule ukuta. Alikwenda peke yake, mimi niko darasani, akaweka nondo ukutani na ncha ya pili sikioni, ndivyo tunavyotafuta bomba linalovuja, maji yanayotoroka yanaimba kwenye chuma, na hakusikia kitu, akakisia, akavunja ukuta wa jiko la watu, vigae vyote chini, na nyuma yake palikuwa pakavu kama unga, akarudi nyumbani na vumbi kwenye nyusi, akaniambia, kesho nisindikize, mama, wiki moja tu, unibebee nondo... wiki hiyo haikuisha, darasani sikurudi, na hakuna aliyetamka neno sikio, hadi leo, mimi ndiye ninayesikiliza, mahali maji yanapoimba zaidi naegemeza mkono kama niliyechoka, baba anakuja, anagonga kwa kidole palepale, anamwambia mteja, "Ni hapa," na mteja anasema, fundi huyu ana masikio ya sungura, na sisi wawili tunaangalia chini... kwa hiyo hasara ya mwisho sikuiandika, gari hili liko kimya, halina pa kumficha, mteja wa kwanza atakayemwita mara tatu kando ya gari lisilonguruma atajua, na akijua yeye mtaa mzima utajua, nani atamwita fundi asiyesikia maji, ndiyo maana nimekuja na hapana yangu mfukoni... "Ila wote hufanya hivyo," dada anasema, anakifuta kitufe kwa kitambaa, "jana kuna seremala alilizima mara tano, akaniambia nimemuuzia jeneza," na baba anapiga paja kwa kicheko, wote, anasema wote, na ni kweli, hata mimi nilitega masikio yangu haya yanayosikia maji ndani ya zege na sikusikia chochote, mara hii moja baba na mimi tulikuwa sawa... halafu, ngoja, pale kwenye kona ya uwanja nilimwambia, "Baba, mkanda," hivihivi, kwa sauti ya kuombea chumvi mezani, nilisahau kupaza, na akasema, "Haya, haya," akajifunga... alinisikia. Alinisikia bila kunitazama mdomo. Miaka miwili ndani ya Kikohozi tumepigiana kelele za spana na kona, kata kushoto, leta ile ndogo, na kuna maneno hayapigiwi kelele, baba nataka kurudi shule, baba twende tukapime masikio yako, ukiyapaza yanageuka ugomvi, kwa hiyo kila nilipotaka kuyasema nilijiambia, si leo, injini hii, na injini ilikuwepo kila siku, labda imenificha mimi kuliko ilivyomficha yeye... "Mama? Dada wa watu ana kazi nyingine," na dada anasema, usimharakishe, nakwenda kuwaletea karatasi zenu, anaondoka, viatu vyake vinagonga sakafu hadi ndani, na daftari linateleza, nalifunga, hasara namba moja bado ni kweli, ghorofa haijashuka, tangi halijapungua uzito, na baba yuko vilevile, kidole juu ya kitufe, kiganja kwenye dashibodi, gari limewaka au limezimwa, yeye hajui na mimi sijui, anangoja nimwambie kuhusu gari, nitamwambia, lakini hilo litafuata, kwanza yale yasiyopigiwa kelele, natafuta sauti yangu, ile ya chumvi...