Mafundi wa Kidonda cha Ladislas

Ladislas Nshimirimana alikuwa fundi lipu, na kama mafundi wengi hodari aliamini kwamba hakuna kitu duniani kisichofanana na ukuta. Alitoka Burundi akiwa na mwiko mmoja tu, na tangu hapo alikuwa amepiga lipu nyumba zisizo na idadi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kanuni yake ilikuwa moja: ukuta hukwanguliwa kwanza, maana lipu mpya haishiki juu ya uchafu. Basi siku mti wa jukwaa la ujenzi ulipomwangukia ukamchana mguu chini ya goti, aliutibu mguu kwa kanuni hiyo hiyo.

Kila asubuhi aliingia bafuni, kile kiua cha matete nyuma ya nyumba, akiwa na maji ya chumvi na brashi ya kufulia, akakisugua kidonda mpaka kitoe damu safi. Kilimuuma mpaka meno yakagongana, na maumivu yenyewe yakampa moyo, kwani kazi isiyochosha wala kuumiza hakuihesabu kuwa kazi. Kisha aliirudishia bendeji ya zahanati vizuri kabisa, kana kwamba hapakuwa na lolote. Vestine, mkewe, alimsihi aache. Yeye alimuuliza tu ni ukuta gani aliowahi kuupiga lipu. Vestine akamwachia Mungu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Miezi mitano ikapita, kidonda kikazidi kupanuka. Hospitalini Mbarara, daktari Rugamba alimuuliza mara tatu kama anakigusa, na mara zote tatu Ladislas alijibu hapana huku akitazama dirisha. Sasa mfupa ulikuwa hatarini. Rugamba akasema mguu utakatwa Jumatatu, na Alhamisi hiyo akamtuma maabara kupimwa damu. Fundi wa mguu mmoja hapandi jukwaa. Hilo hakuna aliyehitaji kumweleza.

Aliyemtoa damu alikuwa Doriane, binti wa Kikongo aliyekulia Nakivale, tena katika nyumba ambayo kuta zake zilipigwa lipu na Ladislas huyu huyu. Mzee akamlalamikia kwamba damu yake imechoka, imelala, ndiyo sababu mguu haufungi. Doriane hakubishana. Alimtoboa ncha ya kidole, akalibana tone moja kati ya vioo viwili, akaliweka chini ya hadubini na kumvutia kiti.

Kwanza Ladislas aliona viduara vingi vimetulia tu, na akakaribia kusema, si nilikwambia. Halafu akakiona kimoja kisicho na umbo maalumu. Kilitoa kitu kama ulimi upande mmoja, kikajivuta, kikatoa tena. Kilikuwa kinakwenda. Konokono angekipita, lakini kilikuwa na safari yake.

Akauliza kinatembeaje bila miguu.

“Ndani yake muko nyuzi, mzee,” Doriane akasema. “Ni protini, nyembamba sana, hata hii mashini haiwezi kuzionesha. Fasi ya mbele inasimamisha nyuzi mupya, zinasukuma ngozi yake. Fasi ya nyuma inabomoa za zamani, na vile vipande vinarudi mbele kujenga tena.”

Ladislas akainua kichwa. Maisha yake yote hakuwahi kuwa na miti ya kutosha ukuta mzima. Alifunga jukwaa mbele, akalifungua nyuma, akahamisha miti ile ile, na hivyo ndivyo alivyozunguka nyumba za watu. Alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Akamweleza Doriane, naye akacheka na kusema ndivyo hasa.

Kisha, kwa nia njema kabisa, Doriane akaongeza neno lililomvunja mzee. Alisema hicho alichokiona ni askari wa damu tu, lakini chembe za ngozi nazo hutembea vivyo hivyo.

“Pembeni ya kidonda ziko mingi,” akasema. “Zinatambaa, kila moja na nyuzi zake, mpaka zikutane katikati. Zinataka unyevu na utulivu. Mutu asizisumbue tu.”

Ladislas akautazama mguu wake. Aliikumbuka brashi. Kumbe mchana na usiku mafundi wale walijenga, wakasogea labda upana wa unywele, na kila asubuhi yeye alikuja akawakwangua wote pamoja na majukwaa yao. Miezi mitano mizima. Machozi yakamtoka mbele ya binti aliyemjua tangu yuko mgongoni kwa mama yake, na aliona aibu kubwa kuliko hofu ya kukatwa.

Bado angeweza kunyamaza. Kukatwa mguu ni bahati mbaya, watu watakuhurumia. Kuumaliza mwenyewe kwa brashi ya kufulia ni kituko, watakucheka hadi sokoni Isingiro. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chake kilikuwa kimeshapangiwa Jumatatu. Alitoka, akamshika mkono Vestine aliyekuwa akingoja kwenye benchi, akaingia naye kwa daktari akiipita foleni yote.

“Nimekudanganya, dokta,” akasema. “Nakisugua kila siku. Mke wangu alinikataza, nikamdharau.”

Rugamba aliweka kalamu chini. “Mzee, miezi tano unanidanganya? Hii mguu mimi nilikuwa nakata.”

Alikasirika, na ilikuwa haki yake. Lakini alikichunguza kidonda upya, akaandika dawa, akakifunika kwa bendeji yenye unyevu, akaahirisha kukata kwa wiki mbili. Alisema Vestine peke yake ndiye atakayeifungua.

Wiki hizo Ladislas aliteseka mikononi zaidi kuliko mguuni. Kila asubuhi vidole vilimwasha, naye akavikalia.

Siku ya kurudi, Rugamba alipima kwa rula ndogo, akapima tena. Pande zote ulikuwa umeota ukingo mwembamba wa rangi ya waridi, milimita nne. Akasema mguu haukatwi, ila itachukua miezi, na kovu litakuwa baya.

Vestine akainama, akautazama ule ukingo.

“Ladislas,” akasema, “kumbe kuna kazi inayokwenda vizuri usipoishika wewe.”

Daktari akacheka. Vestine hakucheka, alikuwa ameanza kulia, kilio cha miezi mitano. Na Ladislas, mtu aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, akamwomba radhi mkewe mbele ya watu.