Mwaka wa Kondoo

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kulificha hilo. Nimeogopa mbwa, nimeogopa mabosi, nimeogopa hata daktari wa meno. Lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa pasipoti yangu mwenyewe, ule mwaka wa kwanza niliposoma shahada ya biashara kule Ohio.

Balaa nililianzisha mwenyewe mwezi wa Agosti. Chama cha wanafunzi Wakorea kiliwakaribisha wageni kwa nyama ya kuchoma kwenye bustani iliyo nyuma ya maktaba. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na siku tisa sijazungumza na binadamu ila mama mmoja wa dukani. Tulikuwa kumi na wawili. Sasa, sisi Wakorea tukikutana hatuwezi hata kupeana kikombe cha maji kabla hatujajua nani mkubwa na nani mdogo, maana lugha yenyewe haikuruhusu kufungua mdomo bila kujua. Kwa hiyo swali lilinifikia kabla ya sahani.

"We wa mwaka gani?" aliniuliza kijana mrefu aliyekuwa akigeuza nyama. Huyo ndiye Ok Ju-hwan, mwenyekiti wa chama. "Mimi wa themanini na tisa."

Mimi ni wa themanini na tano. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, kumi na miwili kati ya hiyo nikiwa kwenye kampuni ya bima za meli Busan, mpaka walipopunguza watu, nami nikapunguzwa. Nyumbani ni kifungua mimba wa watoto wanne. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na minne, na tangu siku hiyo mimi ndiye kaka, mimi ndiye wa kuulizwa, mimi ndiye niliyeamua hata mama apasuliwe goti lipi kwanza. Nikawatazama wale vijana wanaocheka, nikajiona mzee aliyeshindwa na maisha akaja kukaa na watoto. Mdomo ukajibu wenyewe.

"Tisini na moja."

"Ahaa, Kondoo," alisema msichana mwenye miwani, Seol-ah, katibu wa chama. Kwetu kila mwaka una mnyama wake. Wangu ni Ng'ombe, na ilibaki kidogo tu nimsahihishe.

"Basi we mdogo wangu," Ju-hwan akasema, akanipiga kibao chepesi cha kisogo. "Njoo huku. Kula kwanza, umekonda kama njiti."

Kula kwanza. Tangu baba afariki hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno hayo. Nilikula nyama iliyoungua upande mmoja, nikaona aibu, nikaomba nyingine.

Darasani kulikuwa na vitisho vyake. Profesa wetu wa mikakati alikuwa akitaja jina lolote bila onyo, na aliyetajwa lazima aichambue kampuni ya siku hiyo mbele ya watu tisini. Wiki ya tatu akanitaja mimi. Nilisimama. Kiingereza chote nilichojifunza miaka ishirini kikayeyuka, nikasema "Samahani" mara nne nikakaa. Jioni hiyo hiyo nilianza kutafuta bei ya tiketi ya kurudi nyumbani.

Kesho yake saa moja asubuhi Ju-hwan, habari zikiwa zimemfikia, alinigongea mlango. Akaniburuta mpaka kwenye chumba cha vyama vya Waasia, chumba kidogo tulichogawana na Wavietnamu, Wathai na Wafilipino, chenye kabati la kila chama na harufu ya michuzi ya kila chama. Akanisimamisha mbele ya ubao.

"Mimi profesa. Ongea."

"Kaka, naomba nijiandae kidogo."

"Ukiongea ukakosea, utakufa?"

"Hapana."

"Basi kosea. Mbona Mbrazili anakosea kila siku na watu wanampigia makofi?"

Tulifanya hivyo kila asubuhi. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, kaka," naye akaitikia, "Marahaba. Umekula?" na kama sijala alinitolea wali na yai kwenye kikopo. Akinituma kahawa, nilikwenda. Akinitania kwamba nina masikio ya popo, nilicheka. Kufikia Novemba nilikuwa naongea darasani mpaka profesa ananiomba niishie hapo. Nilipougua mafua makali, watu watatu wa chama walilala kwangu kwa zamu. Nilikuwa na watu. Na kila nilivyozidi kuwapenda ndivyo hofu ilivyozidi kunila, kwa sababu mtu waliyempenda hakuwepo.

Kujipunguzia miaka sita ni kazi kubwa. Nilipaka nywele rangi bafuni kila wiki mbili. Niliandika kikaratasi: mwaka gani Kondoo alianza shule, mwaka gani aliingia chuo, mwaka gani alikwenda jeshini. Nilikikariri kama mtoto wa madrasa. Jumapili moja, tukila mchana kwa Seol-ah kama kawaida yetu, wakaanza kukumbushana Kombe la Dunia la 2002, mji mzima umevaa nyekundu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nilitoroka shule nikaimba barabarani mpaka sauti ikakauka, na ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote za ujana wangu. Nikalazimika kusema nilikuwa darasa la tano na mama alinizuia kutoka.

"Maskini," Seol-ah akanihurumia.

"Ndiyo hivyo. Nikaangalia na wenzangu kesho yake pale shule ya msingi," nikasema. Ila sikuiita shule ya msingi. Nilitumia jina la zamani, lile ambalo serikali ililifuta mwaka 1996, kabla Kondoo yeyote hajaanza shule. Nilijisikia nikilitamka.

Seol-ah aliweka chini vijiti vyake vya kulia. "Hilo jina analitumia mamangu."

"Kwetu ni kijijini," nikasema. "Kibao cha shule hakikubadilishwa."

Alinitazama sekunde moja zaidi ya ilivyonifaa, kisha akaendelea kula. Nilikwenda chooni nikanawa uso. Niliponea chupuchupu, nikaapa sitaongea tena habari za utotoni.

Ikaja Februari. Kila mwaka chama chetu huwapeleka wanafunzi wa mataifa mengine Seoul kwa siku kumi, na wenyeji wa safari ni sisi. Ju-hwan aliandika kwenye grupu kwamba tiketi zetu wenyeji ni za kundi, hivyo kila mmoja amletee pasipoti yake kufikia Ijumaa saa sita mchana, ili yeye aandike majina na tarehe za kuzaliwa.

Nilisoma ujumbe ule nikiwa kwenye foleni ya supu, nikaacha supu.

Jumatatu nilimwambia pasipoti iko benki. Jumanne nikamwambia nitajikatia tiketi mwenyewe, napenda kukaa dirishani. "Tunapanda pamoja," akasema. "Dirisha nitakupa langu." Jumatano nilisema huenda nisisafiri kabisa, mama haumwi lakini anaweza kuumwa. Akanitazama kwa wasiwasi wa kweli, akaniuliza kama kuna shida yoyote nyumbani na kama nataka aongee na wenzetu wanisaidie. Hapo ndipo nilipojiona sina maana. Usiku huo na uliofuata sikupata usingizi. Nilikuwa najua kabisa kitakachotokea: atanicheka, atawaambia wengine, wataniondoa kwenye grupu, nami nitarudi kwenye siku tisa za mama wa dukani. Mwanaume wa miaka karibu arobaini aliyejifanya mtoto ili apewe nyama kwanza. Nani angekaa meza moja na mtu wa namna hiyo?

Ijumaa nilifika kwenye chumba cha vyama saa sita kasoro dakika tatu. Ju-hwan alikuwa peke yake chumbani, pasipoti kumi na moja zimepangwa mezani, anaandika kwenye kompyuta. Alinyoosha mkono bila kuniangalia.

"Lete. Umebaki wewe tu."

Nikampa. Akaivuta, haikutoka. Vidole vyangu vilikataa kuiachia.

"We, achia."

"Kaka, subiri."

"Umeweka picha mbaya? Sote tumetoka kama majambazi humo." Akavuta tena.

Nilifumba macho. Kisha nikaifungua mwenyewe kwenye ukurasa wenye picha, nikaiweka mbele yake, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati la Wathai.

Alisoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Nikamwona anahesabu. Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea: alisimama wima, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Themanini na tano," alisema.

"Ndiyo."

"Ng'ombe."

"Ndiyo. Nisamehe, ni siku ile ya kwanza, mdomo tu, halafu nikashindwa..."

"Jumanne nilikupiga kisogoni mbele ya Wabrazili."

"Haikuniuma."

"Nimekutuma kahawa miezi sita." Sauti yake ilikuwa ya chini, na uso umemshuka kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Nimekuita masikio ya popo. Nimekaa nimekunja nne mbele yako. Hata kaka yangu wa tumbo moja, wewe ni mkubwa kwake. Mama yangu akisikia..." Akaifunga pasipoti. "Uongo wako nakuachia mwenyewe. Lakini umenifanya mtu asiye na adabu miezi sita mizima, na mimi mwenyewe sijui. Hilo umenitendea kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kuchekwa, kwa matusi, hata kwa ngumi. Sikuwahi kufikiri kwamba aibu ingemwangukia yeye. Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa kaka pekee niliyewahi kuwa naye, lakini nilikuwa mkubwa wake kwa miaka minne na maneno hayo hayakuwa na njia ya kutokea. Alikusanya pasipoti zote, na yangu ikiwemo, akaniinamia kidogo, akatoka.

Ijumaa ile simu ilinyamaza. Jumamosi ikanyamaza. Kwenye grupu hakuna aliyeandika hata habari za theluji. Nilikaa chumbani nikila mkate mkavu, nikijiambia nijikaze kisabuni, na kila gari lililosimama nje nilidhani ni mtu ameniletea pasipoti yangu kwenye bahasha.

Jumapili saa nne asubuhi Seol-ah aliandika: "Chakula cha mchana ni kwangu, saa saba kamili. Uje." Hakuandika zaidi. Niliusoma ujumbe huo mara nyingi. Kuitwa ili kufukuzwa ana kwa ana, hilo pia lipo. Nilitaka kusingizia mafua, lakini mafua waliyauguza wao wenyewe, nikaona aibu kuyatumia. Nikaoga, sikupaka rangi, mvi zikaonekana mbele, nikaenda.

Nje ya mlango nilisikia kelele na vicheko. Nilipogonga vikakatika. Seol-ah alifungua, na nyuma yake watu kumi wakasimama wote kwa pamoja. Nilitamani sakafu inimeze.

"Shikamoo, kaka," akasema Ju-hwan. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Shikamoo," wakafuata wengine, sauti zikigongana.

Nikaitikia marahaba kwa sauti isiyofika popote. Seol-ah alinipokea koti. "Mimi nilijua tangu ile shule ya kijijini kwenu," alinong'ona. "Nilikuwa nangoja tu utasema lini. Umechelewa sana, kaka, nimepata hasara ya kuuguza mzee kama mtoto."

Meza ilikuwa ya chini, tumezoea kukaa sakafuni. Mahali pangu pa kila Jumapili palikuwa mwisho, karibu na mlango na jiko, ubavuni mwa Ju-hwan, ambako wadogo hukaa ili wainuke kuongeza wali. Sasa hapo alikaa kijana wa tisini na tatu. Nafasi iliyobaki wazi ilikuwa ya kule ndani, mbali na mlango, yenye mto wa kukalia. Nikataka kukaa popote pengine, hapakuwepo. Nikaenda nikakaa kwenye mto.

Seol-ah akagawa supu ya nyama na figili, bakuli la kwanza kwangu. Kimchi, ile kabichi yetu ya pilipili, ikawekwa karibu yangu. Kisha kila mtu akaweka mikono magotini, na chumba kikatulia. Ilinichukua muda kuelewa wanangoja nini. Kwetu hakuna anayegusa chakula kabla mkubwa kuliko wote hajainua kijiko.

Nilimtazama Ju-hwan upande wa pili, mbali. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna ambaye angenifukuza tena. Niliona hivyo, na nikaogopa kuliko siku zote. Nyuso kumi na moja zilikuwa zinaningoja mimi niamue, kama zile za nyumbani nilipokuwa na miaka kumi na minne.

"Anza wewe," nilimwambia. Niliomba, kusema kweli. "Leo tu."

Alitikisa kichwa polepole.

"Siwezi, kaka. Supu inapoa. Watoto wana njaa."

Nikachukua kijiko.