Moto wa Nyamizi

Apolonia alimzika mama yake asubuhi, na kabla udongo wa kaburi haujakauka akaenda jikoni kutafuta ugomvi. Mwenyewe hakuuita hivyo. Alisema anakwenda kuwapikia watu waliomsindikiza mama yake. Lakini pale kijijini Salamba kila mtu alijua kwamba kwa mwanamke wa uzao wake mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Chanzo ni kilima. Wazee husimulia kwamba hapo kale chini ya kilima lililala dubwana lenye jicho moja, na kijiji cha zamani kilijengwa juu ya mgongo wake. Siku moja likachoka kulalia ubavu uleule. Likawaambia watu: zimeni moto wote, nami nitageuka polepole, hata kuku asidhurike. Wakazima. Mwanamke mmoja tu, Nyamizi, akasema, "Lisubiri kwanza, ugali wangu haujaiva." Moshi wake ukaliingia dubwana jichoni, likainuka kwa hasira, na kijiji kizima kikafukiwa. Walinusurika wale waliokwisha kuvuka mto, pamoja na binti wa Nyamizi aliyekuwa kisimani. Mwalimu mmoja aliwahi kusema pengine lilikuwa tetemeko, au mashimo ya wachimbaji wa kale yalititia. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwa dubwana lao.

Ndiyo maana wanawake wa uzao wa Nyamizi, mama kwa binti, hawasongi ugali wa hadhara. Harusini huteka maji. Msibani hupasua kuni na kusugua masufuria. Juliana, mama yake Apolonia, aliyasugua kwa miaka sitini, na wiki yake ya mwisho alimwambia binti yake, "Kwenye msiba wangu, natamani watu wale kilichotoka mkononi mwetu." Apolonia alikuwa mamantilie kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu karibu na Masumbwe, analisha wachimbaji mia kwa siku. Alimwahidi mama yake, na hakuwa mtu wa kuahidi ovyo.

Sasa akaushika mwiko. Wanawake wa jikoni wakarudi nyuma, na mmoja akakimbia kumwita mzee Mwigulu. Ukoo wa Mwigulu ndio wa wale waliovuka mto, na ndio wenye kazi ya kuisimulia hadithi hiyo kila baada ya mavuno.

"Shikamoo, baba," Apolonia akamwahi.

"Marahaba, mayu, mama yetu. Weka huo mwiko chini. Uchungu wako tunaujua. Lakini ukisonga wewe, hakuna atakayekula, na utamwaibisha marehemu."

"Nina swali moja tu. Nyamizi alisema lisubiri kwanza, ugali wangu haujaiva. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Nani alimsikia?"

Mzee akakohoa. "Watu walisikia."

"Waliokuwa naye walifukiwa. Binti yake alikuwa kisimani. Ninyi mlikuwa ng'ambo ya mto, na kutoka kule hata mtu akipiga yowe husikii. Halafu mlipokimbia, baba, moto wenu mliuzima, au mliuacha unawaka?"

Mwigulu alikuwa mtu wa haki katika mambo mengi, na nadhani swali lile lilimchoma. Lakini nani atajibu swali la miaka mia tatu, tena mbele ya kina mama? "Sibishani na mfiwa," akasema, akarudi kukaa na wanaume.

Apolonia akamimina unga. Tusidanganyane, aliogopa. Dubwana halikumtisha hata kidogo. Alichokiogopa ni ugali wa mama yake kupoa bila kuguswa, kisha kutupiwa mbwa. Ila maji alikwisha kuyavulia nguo. Akasonga mpaka mabega yakamuuma, akapakua kwenye masinia pamoja na maharage, akayapanga mkekani yeye mwenyewe. Hakuna aliyenyoosha mkono. Watu waliutazama ule ugali, ukafuka mvuke, mvuke ukapungua.

Miongoni mwa wanaume alikaa William, mtoto wa kwanza wa Mwigulu, mchimbaji wa Masumbwe. Kwa Apolonia alikuwa mteja wa kila siku. Ingetosha kumtaja jina tu, mambo yakaisha. Apolonia akafunga mdomo. Hakutaka ahadi yake kwa mama itimie kwa kumuumbua mtoto wa mtu mbele ya baba yake.

William akainuka mwenyewe, akanawa.

"Baba, nisamehe. Huyu mama nakula kwake mwaka wa tatu sasa. Nashuka chini ya ardhi futi mia mbili na ugali wake tumboni, na duara letu halijatitia hata siku moja." Akamega tonge, akalichovya, akala.

Wapo waliogeuka kukitazama kilima, nakuapia. Kilima kilitulia palepale na mbuzi wake. Mkono wa pili ukanyooshwa, kisha wa tatu. Mwishowe mzee Mwigulu naye akaomba maji ya kunawa.

Masinia yakaisha, ikabidi sufuria ya pili ibandikwe. Maji yalipochemka, Serafina, mdogo wake marehemu, mwenye miaka sabini na zaidi, aliacha rundo la vyombo vichafu, akajifuta masizi kwenye kanga.

"Nipe na mimi," akasema.

Nyumbani kwake alisonga kila siku, lakini kijisufuria cha watu wanne. Huu mwiko mkubwa aliushika vibaya, mikono juu mno. Apolonia akasimama nyuma yake, akaiweka mikono yake juu ya ile ya mama yake mdogo, akaishusha.

"Kandamiza, mama mdogo. Kwa nguvu. Usiogope."

Serafina akakandamiza. Alisonga huku analia kwa sauti, wala hakuacha, na kule mkekani watu wakaanza kulalamika kwamba chakula kinachelewa.