Jicho la Abu Lutfi

Kitu kilichomshangaza Wijdan kwa yule kijana ni kwamba alikunywa chai kwa jicho moja. Jingine alilifunika kwa kiganja. Alikaa hivyo kwenye benchi la nje ya duka, kikombe mkono wa kulia, kiganja cha kushoto usoni, kama mtu aliyekula ngumi na sasa anajiliwaza kwa chai. Wateja wa alfajiri walimtazama, kisha wakatazamana, na mmoja wao akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, huyu bwana anamkonyezea nani?

Hakuwa anakonyeza. Jina lake Muhannad, fundi wa maabara ya macho kule chuo kikuu, na lile jicho alikuwa akilizoesha giza kabla hajaingia stoo. Siku yake ya kwanza aliingia ametoka kwenye taa kali za dukani, hakuona hata pua yake, akakanyaga ndoo ya makongoro na kwenda chini nayo. Tangu hapo akawa anaingia na jicho moja lililokwisha kujiandaa.

Duka lilikuwa la Haji Abbud, baba yake Wijdan. Aliuza vichwa na makongoro ya kondoo pale Rusafa, na watu wa Baghdad walimjia kabla jua halijachomoza, mkate ukiwa umeloweshwa kwenye mchuzi wa moto na ndimu kavu ikielea juu yake. Wijdan alisafisha vichwa huko nyuma. Shule aliiachia darasa la nne, mama yake alipofariki, na stoo ilimpokea vizuri kuliko darasa, kwa kuwa msichana yule alikuwa na haya iliyopitiliza. Mgeni akimsalimia, jibu lilimfika kooni likageuka kurudi lilikotoka. Mtaani walimwita bubu wa Haji. Hakuwa bubu hata kidogo. Peke yake na vichwa alipiga soga, akawauliza kondoo habari za malisho.

Habari ya macho ilianza kwa Daktari Saniya, mkuu wa ile maabara. Alikuja mwenyewe dukani, akala sahani mbili, akamwambia Haji kwamba anachunguza jinsi macho yanavyopeleka habari ubongoni, na kwa nini watu wengine huanza kupoteza kuona giza linapoingia. Anahitaji macho mabichi ya kondoo, yatolewe gizani mara baada ya kuchinja, kabla kichwa hakijatumbukizwa kwenye maji ya moto. Haji alikuwa radhi kumkubalia kitu chochote mtu anayekula sahani mbili. Basi kila alfajiri mlango wa stoo ukafungwa, ikawashwa taa moja nyekundu, hafifu, ambayo macho ya kondoo karibu hayaitambui. Wijdan akashika kisu, Muhannad akashika kopo jeusi.

Na Shangazi Nuriya akashika tasbihi. Huyu alikuwa dada yake Haji, mjane, na hakuna mwanamume aliyewahi kukaa na Wijdan chumba kimoja bila Shangazi kuwapo. Alikaa mlangoni kwa ndani, juu ya sufuria iliyopinduliwa, akilalamika kwamba haoni kitu na analindaje asichokiona.

"Basi kohoeni," aliwaambia siku ya kwanza. "Kila mmoja akohoe, nijue yuko wapi."

Wakawa wanakohoa kwa zamu kama wagonjwa wa kifua. Na hapo, katikati ya kukohoa, Wijdan akajikuta anaongea. Hata yeye mwenyewe alishangaa. Gizani hakuna uso wa kumtazama, na maneno yaliyokuwa yamekwama tangu darasa la nne yakaanza kutoka, kwanza moja moja, baadaye kwa mafungu. Alimweleza Muhannad ni kondoo gani mkaidi na ni yupi aliyekuwa mpole, alijua kwa taya zake. Muhannad alicheka. Alikuwa na kicheko cha puani, kama mtu anayezuia chafya. Kulipokucha na mlango kufunguliwa, Wijdan alinyamaza palepale, na Muhannad akaondoka na kopo lake akiaga ukuta.

Siku moja Daktari Saniya aliwaalika waende wakaone macho yanakoishia. Haji aliruhusu, mradi Shangazi awepo. Maabara nayo ilikuwa ya giza, jambo lililomuudhi Shangazi sana, akauliza kama chuo kikuu kizima hakijalipa umeme. Muhannad aliwaonyesha utando uliotolewa nyuma ya jicho la kondoo, mwembamba kama ngozi ya kitunguu iliyolowa, umetandazwa juu ya bati dogo lenye vijisindano visivyoonekana, maji ya chumvi yakiupitia. Pembeni palikuwa na kipaza sauti. Kilikuwa kinatoa mlio kama wa mafuta yanayoanza kuchemka.

"Hizo ni seli zinaongea," akasema Muhannad.

Akawaeleza polepole. Seli za safu ya kwanza ndizo zinazopokea mwanga, na watu hudhani gizani zimelala. Hazijalala. Gizani ndiko zinakomwaga ujumbe bila kupumua, na mwanga ukizipiga, zinanyamaza. Safu ya pili inausoma ule unyamavu. Nyingine zinaugeuza, zikawa zinatangaza kwamba mwanga umekuja. Nyingine zinangoja mwanga uondoke ndipo ziseme. Habari inafika safu ya mwisho, ya seli zenye nyuzi ndefu, na nyuzi zile zikikusanyika ndiyo kamba ya kwenda ubongoni. Mlio wanaousikia ni wa hizo za mwisho.

Akawasha kitaa kidogo. Kipaza sauti kikapiga kelele, halafu kikatulia ingawa taa ilikuwa bado inawaka. Akapitisha ukingo wa kadi nyeusi mbele ya ule mwanga, kikapiga kelele tena. Seli hizi, alisema, kitu kisichobadilika hazina haja nacho. Zinataka kujua pale kitu kinapoanza na pale kinapokoma.

Shangazi alikuwa amejifunika abaya mpaka machoni. "Kwa hiyo huyu kondoo anatuona?"

"Hakuna kondoo, Shangazi. Aliliwa asubuhi."

"Sasa anamwambia nani?"

"Anatuambia sisi."

Shangazi alikisogelea kipaza sauti. "Mtu ameshachinjwa, ameshaliwa, na bado anasengenya," akasema. "Hata dada yangu Badria hakufika huko."

Wijdan hakucheka. Alikuwa amekwama kwenye ile safu ya kwanza, inayosema habari yake kwa kunyamaza. Aliwaza kwamba yeye naye amekuwa akifanya hivyo miaka yote, ila nyumbani kwao hakukuwa na safu ya pili. Akinyamaza kwa kukubali, na akinyamaza kwa kukataa, vyote viliandikwa ndiyo.

Kwa muda huo huko dukani mambo yalikuwa yanachacha. Vichwa vilifika mezani vikiwa na matundu mawili meupe. Wateja walianza kwa mzaha. Mmoja aliuliza kama kondoo wa Haji walikuwa ombaomba wa msikitini. Mwingine alikigeuza kichwa kiutazame ukuta, akasema hataki kula mbele ya kipofu, ni kukosa adabu. Haji alicheka nao, mpaka siku moja hayo matundu yalipofika mbele ya Abu Lutfi.

Abu Lutfi alikuwa muuza matairi, mtu wa tumbo na heshima, na kila mwenyeji wa Rusafa alijua kwamba jicho la kwanza la asubuhi ni lake. Haji mwenyewe humtolea kwa kijiko na kumuwekea juu ya mkate, mbele ya watu. Ni heshima, siyo kushiba. Haji alikuwa amemwagiza Wijdan abakize jozi moja kila siku kwa ajili hiyo. Siku ile hakukubaki hata moja. Abu Lutfi alilitazama lile tundu muda mrefu, akaweka kijiko chini, akafuta mdomo ambao haukuwa umekula kitu.

"Ng'ambo ya mto kuna mtu anapika vichwa," alisema. "Vichwa vyake vinaona."

Haji alimfuata mpaka kwenye gari lake, aproni ikiwa bado kiunoni. Alimwomba radhi kwa kila lugha aliyoijua, naye alijua moja. Abu Lutfi alimwacha aombe, kisha akamwambia kwamba ugomvi kama huu hauponi kwa mchuzi, unapona kwa undugu. Yeye ana kijana, Lutfi. Haji ana binti. Haji, akiwa na jasho la aibu na chungu nyuma yake kinaungua, akasema wageni wa Abu Lutfi watapokewa.

Lutfi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaongea tu. Alikuja na mama yake na wanawake wa kwao kumtazama msichana, na muda wote wa ziara alizungumzia matairi, yanayofaa jangwani na yanayofaa lami, huku Wijdan ameshika sinia ya vikombe na mikono inamchoka. Alipotaka kuondoka alimshukuru mama yake, akasema huyu ndiye. Amewahi kuona wasichana wengi, wote wanamkatiza. Mama yake akamuuliza Wijdan anasemaje. Wijdan alinyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele barabarani mpaka kwenye gari.

Kwenye stoo asubuhi iliyofuata Wijdan aliongea habari za kondoo tu. Hilo la Lutfi hakulitaja, na Muhannad, ambaye hakuambiwa, alicheka kwa pua yake ileile. Shangazi hakuwakumbusha kukohoa hata mara moja.

Ijumaa baada ya Alasiri Abu Lutfi na kijana wake wakaja na wazee wao kuposa. Haji alifunga mapazia kwa sababu ya vumbi na kuwasha taa zote za sebule, hata ile ya vioo ambayo huwashwa Idi tu. Wanaume waliketi wamezunguka, kila mmoja na kikombe chake cha chai mbele yake, na hakuna aliyekigusa, kwa kuwa chai hainywewi mpaka neno lipatikane. Mzee wao alisifu nyumba, akasifu ukoo, akasifu hata vichwa, jambo lililomfanya Abu Lutfi asafishe koo. Ndipo akaomba mkono wa binti, akasema wamempenda hasa kwa utulivu wake.

Haji angeweza kujibu palepale. Lakini mama yake Wijdan, kabla hajafariki, alimwapisha kwamba binti ataulizwa, na Haji alikuwa mtu wa kutimiza kiapo hata kama jibu analijua. Akainuka, akaenda mpaka mlango wa jikoni, akausukuma kidogo.

"Mwanangu," alisema, na sebule nzima ikasikiliza. "Wageni wanangoja. Unasemaje?"

Jikoni Wijdan alikuwa amesimama kati ya sinki na Shangazi Nuriya. Shangazi alikwisha vuta pumzi na kuinua ulimi kwa kigelegele, akihesabu kimya kifike kiasi cha kutosha kuitwa kimya. Maneno ya Wijdan yakafika kooni, yakataka kugeuka. Akamziba Shangazi mdomo kwa kiganja, akatoka mpaka kwenye kizingiti, kwenye mwanga wote ule.

"Simtaki, Baba."

Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hakuna aliyeamini. Mzee wa wageni alitabasamu, akasema hiyo ndiyo haya, mabinti wa siku hizi hawanayo tena. Haji naye, uso umemwiva, akasema kweli ni haya, huyu mtoto ni mwenye haya kupita kiasi. Lutfi aliuliza kwa mshangao wa dhati, kumbe anaongea?

"Si haya," akasema Wijdan. "Haya ninaijua, ninaishi nayo. Hii ni sitaki."

Hapo ikaeleweka. Abu Lutfi aliinuka, na wazee wote wakainuka naye, vikombe vikabaki vimejaa. Alimwambia Haji kwamba kwanza alinyimwa jicho, akavumilia, sasa amenyimwa binti, na bado hajajua kosa lake. Haji akatafuta mtu wa kumlaumu, akampata upesi. Ni wale watu wa chuo, alisema. Wamemmalizia macho, wamemharibia wateja, sasa wamemharibia na mtoto. Kuanzia kesho asimwone yule kijana na kopo lake hata kwenye kona ya mtaa.

Shangazi Nuriya, aliyekuwa amechungulia nyuma ya Wijdan, akasema kwa sauti ndogo kwamba kijana hana hatia, yeye alikuwapo. Haji akamuuliza aliona nini. Shangazi akakiri kwamba hakuona kitu, kulikuwa na giza.

Abu Lutfi alikuwa tayari amefika mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Taa ya Idi ilimmulika Wijdan usoni, na wanaume wote walikuwa wanamtazama, na hapakuwa na pa kujificha.

"Jicho lako halikuchukuliwa na mtu, Ami Abu Lutfi, nililitoa mimi," alisema. "Muhannad aliomba macho machache tu. Kila siku aliniambia yanatosha, nami nilimwambia bado, nikatoa jingine, na jingine, mpaka nikamaliza na ya kwako. Nilitaka kopo likawie kujaa. Likijaa, anaondoka."