Mtoto Hasifiwi Mbele ya Mgeni

Othmani wa Mwanahija alikuwa mrefu kupita kiasi. Si ule urefu wa watu kusema fulani ni mrefu halafu wakaendelea na shughuli zao. Huu ulikuwa urefu wa kumfanya mpita njia asimame katikati ya barabara ya kijiji cha Kanga akasahau alikokuwa akienda. Hapakuwa na mlango kijijini uliokuwa haujamgonga paji la uso. Kitanda chake kiliunganishwa ubao upande wa miguu, na suruali zake zote zilikuwa za kushonesha, maana maduka ya mjini Kilindoni hayana suruali ya mtu wa futi saba kasoro kidogo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na Mwalimu Haruni, aliyemfundisha mpira wa kikapu kwenye kiwanja cha udongo chenye ringi moja ya nondo, alisema bado anaongezeka.

Mama yake hakuyapenda maneno hayo. Mtoto hasemwi anaongezeka, kwani yeye mnazi? Mwanahija alikuwa mjane, anaishi kwa mihogo yake na kusuka mikeka, na jambo moja alilijua vizuri kuliko yote: jicho la mtu linaua. Mumewe, Muhidini, alikuwa mzamiaji, akipiga mbizi baharini. Siku moja kwenye karamu ya arusi mtu mmoja alisema mbele ya kadamnasi kwamba mapafu ya Muhidini si ya binadamu, hakuna mfano wake Mafia nzima. Hakusema mashallah. Mwezi haukuisha, kifua kikambana Muhidini, wakamzika. Daktari alitaja ugonjwa wake, na Mwanahija akaitikia kwa adabu, lakini alijua alichokijua. Hasidi hana sababu.

Kwa hiyo mtoto huyu alimficha, kadiri mtu wa futi saba anavyoweza kufichika. Wakipita penye watu alimnong'oneza, "Inama, baba, watu wanakutazama." Mgeni akija na kumsifu kijana, yeye huwahi kumponda. Hilo halikuwa lake peke yake. Kanga nzima, na visiwa vyote vya jirani, mama mwenye akili hamsifu mwanawe mbele ya mgeni. Ukimsikia anasema mwanawe ni mzigo, jua anampenda kupita macho yake.

Ndipo wakaja wapimaji wa vipaji kutoka Dar es Salaam, baada ya video ya Othmani aliyoipiga Mwalimu Haruni kuzunguka kwenye simu za watu. Walikuwa wawili. Kocha Furaha, mwanamke wa bara, sauti nzito, aliyecheza yeye mwenyewe mpaka goti likamharibikia, sasa anaendesha akademia inayotoa wachezaji wa kulipwa. Na Abeid, msaidizi wake, mzaliwa wa Bwejuu, kisiwa kile kidogo cha jirani, ingawa Dar es Salaam ilikuwa imeshamlainisha mpaka matamshi.

Walimpima Othmani pale kiwanjani, nusu ya kijiji ikitazama. Kocha Furaha alimzunguka kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Akamnyoosha mikono, akampima kiganja, akamtazama nyayo, akambonyeza magoti akiuliza kama yanauma. Akamrushia mpira wa juu, wa chini, wa ghafla. Akamkimbiza, akamwambia aruke, akamfundisha hatua moja ya kugeuka chini ya ringi na kumtazama atairudia vipi. Mwanahija alivumilia yote hayo. Kisha kocha akamwambia Othmani alale chali kwenye mkeka, anyooke, ili ampime urefu sawasawa, maana akisimama hanyooki. Hapo damu ilimchemka mama. Kwao, binadamu aliyelala chali hupimwa siku moja tu, na anayempima ni mchimba kaburi. Alimtazama Abeid, mtoto wa Bwejuu, amwambie mkubwa wake. Abeid alikuwa anachezea simu.

Baadaye wakaja nyumbani. Mwanahija alikwisha meza hasira zake kwa sababu mgeni ni mgeni. Akawatolea madafu na vitumbua.

"Mama," akasema Kocha Furaha, "kijana wako nimemwona. Sasa wewe ndiye unayemjua. Ni mtu wa namna gani? Anajituma?"

"Huyu?" Mwanahija akacheka, akamsogezea sahani. "Huyu mzigo tu, mwanangu. Kula na kulala. Mvivu hana mfano. Na mwili wenyewe huo mnaouona mbovu, leo kichwa, kesho kifua. Mnajisumbua bure. Karibu, kula kitumbua."

Mtu yeyote wa Kanga angesikia maneno yale akaelewa kwamba mama huyu angekubali kukatwa mkono kuliko mwanawe kuchomwa mwiba. Kocha Furaha alisikia alichoambiwa. Akatikisa kichwa polepole, akamtazama Othmani aliyekuwa amekaa mlangoni, magoti yamemfika kidevuni. Abeid alikuwa anatafuna. Neno moja tu lingetosha, la mzaha, kwamba sisi kwetu ndivyo tunavyosema. Alimeza kitumbua, akachukua kingine.

Kesho yake alasiri Mwalimu Haruni akaja kwa Mwanahija, kofia mkononi.

"Wamemkataa," akasema.

"Kwa lipi?"

Mwalimu alitafuta pa kuweka macho. "Abeid kanipigia. Kocha kasema urefu anao, na mikono anayo, lakini mvivu na mgonjwa hawezi kumpeleka popote. Kasema hilo hakulisema yeye. Kalisema mama mzazi."

Mwanahija aliuacha mkeka aliokuwa akisuka. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, na hasira zikampanda kutoka miguuni. Yaani alimkaribisha mtu kwake, akamlisha, akamfichia mwanawe jicho kama desturi inavyotaka, halafu desturi hiyo hiyo igeuzwe kuwa ushahidi wa kumnyonga mtoto! Na yule Abeid, aliyelelewa na maneno yale yale, alikaa pale akala vitumbua vyake akanyamaza. Huyo ndiye aliyemkera kuliko wote. Wa bara hajui, ana udhuru wake.

"Wanaondoka lini?"

"Kesho asubuhi, kwa ndege."

Asubuhi Mwanahija alijifunga buibui, akamwamsha Othmani, wakapanda bodaboda hadi Kilindoni, yeye katikati, kijana nyuma amejikunja, miguu ikikaribia kukwangua lami. Njia nzima hakumsemesha. Othmani naye hakuuliza. Alikuwa amepewa habari jana yake, na alichosema ni "Sawa," kisha akaenda kuchanja kuni.

Uwanja wa ndege wa Kilindoni ni mdogo, hakuna pa kujificha. Abeid aliwaona wanakuja, akasimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Sina marahaba ya kukupa," akasema Mwanahija, na abiria wote kwenye mabenchi wakageuka. "Nataka uniambie jambo moja mbele ya mkubwa wako. Mama yako, Bi Biubwa, Mungu amrehemu, mgeni akimuuliza habari zako alikuwa anajibu nini?"

Abeid akajifanya kucheka. "Shangazi, hayo ya zamani…"

"Alikuwa anajibu nini?"

"Alikuwa… alikuwa anasema, 'Lipo hilo jalala.'"

"Ulikuwa jalala wewe? Alikusomesha kwa kuuza samaki mmoja mmoja, akala mihogo mikavu ili wewe uvae viatu. Ulikuwa jalala?"

"Hapana, shangazi."

"Ulijua nilichosema kina maana gani?"

Abeid akatazama chini. "Nilijua."

"Mbona ukanyamaza?"

"Ningesemaje?" Sauti yake ilishuka, na matamshi ya Bwejuu yakamrudia bila ruhusa. "Nimwambie kocha kwamba sisi kwetu twaogopa jicho? Kule ofisini tayari waniita mchawi kwa mzaha. Niliona haya."

"Mwacha asili ni mtumwa," akasema Mwanahija. "Wewe umeona haya, na mwanangu ndiye aliyekosa nafasi."

Kocha Furaha alikuwa amekwisha simama. Hakuwa mtu wa kukwepa. "Mama, kosa hili nalichukua mimi," akasema. "Lakini na mimi nikwambie nilichokiona, kwa sababu sikusikiliza maneno yako peke yake. Mikono yake ni mizuri. Miguu yake ni myepesi kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa kimo kile, na ile hatua niliyomfundisha aliirudia mara ya pili bila kukosea. Amechelewa kuanza, ila hilo latibika. Tatizo ni kwamba haombi mpira. Akiupata anautoa upesi kama kashika kaa la moto. Akigongana na mtoto wa kidato cha pili anaomba radhi yeye. Anacheza amejikunja. Nikajiuliza, huyu anataka kweli? Kisha nikaja kwako, ukanijibu."

Mwanahija alifungua kinywa amjibu kwa ukali, akakuta ukali haupo mahali alipouacha. Aliyemwambia ajikunje ni nani? Lakini hakuwa amekuja Kilindoni kushindwa. Alivuta pumzi. Hofu ilimshika, ile ile ya tangu arusi ya siku ile, na mabenchi yalikuwa yamejaa watu wenye macho.

"Basi nisikilize," akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Mashallah, natanguliza mashallah, Mungu ndiye mlinzi. Mwanangu huyu si mvivu. Anaamka kabla ya adhana, anakimbia mchangani mpaka mwisho wa kijiji na kurudi, kisha analima shamba langu kabla jua halijawa kali, na jioni anakwenda kwenye kile kiwanja mpaka giza. Ringi ile ya nondo aliichomelesha yeye, kwa vibarua alivyovifanya mwenyewe. Tangu atoke jandoni hajameza kidonge. Jirani yetu alipozidiwa na uzazi, gari hakuna, alimbeba mpaka zahanati akatembea nusu saa bila kumtua, akarudi akakaa kimya kama hakufanya kitu. Hajawahi kunijibu vibaya. Hana mfano. Nimesema mbele ya watu, hana mfano, mashallah, na anayetaka kumtazama na amtazame."

Mzee mmoja kwenye benchi akaitikia "Mashallah," na mwingine akafuatia, na wengine, mpaka ikawa kama dua.

"Aje," akasema Kocha Furaha. "Mwezi ujao. Nitamfundisha mwenyewe kwa miezi mitatu, halafu nitakwambia ukweli, uwe mzuri au mbaya. Zaidi ya hapo siahidi, kwa sababu wengi wana urefu na wachache wanafika. Lakini aje."

"Atakuja," akasema Mwanahija, na akageuka kumtafuta mwanawe ampe habari njema.

Othmani alikuwa amesimama hatua chache nyuma, penye kivuli cha ukuta, na alikuwa amesikia yote. Hakuwa akitabasamu. Alimtazama mama yake kama mtu anayemtazama mgeni.

"Mama," akasema, "hayo umeyasema ili anichukue, au ndivyo unavyoniona?"

Mwanahija alishangaa. "Swali gani hilo? Ndivyo nilivyokuona tangu siku nilipokuzaa. Wewe hujui? Watoto wote wanajua. Maneno yale ni ya wageni tu, ni ya kukukinga."

"Nilikuwa najua ni ya wageni," akasema Othmani taratibu. "Lakini mengine sikuyasikia kamwe. Hata tukiwa wawili tu, mlango umefungwa."

Mwanahija alikuwa amekuja na hasira za kuwatosha watu wote wa uwanja ule, na haki yake ilikuwa kubwa. Sasa alizitafuta zimkinge, zisimkinge. Ndege ikaanza kuteremka upande wa bahari, abiria wakainuka na mizigo yao, na Abeid akapita karibu yao bila kuthubutu kuaga. Mwanahija aliinua uso juu kabisa ili amwone mwanawe machoni, akatafuta neno la kuanzia, na hakuwa amezoea kulisema.